Nimezaliwa Kikwajuni, mgeni ndiye aliyenionyesha mji!

MPENZI msomaji, hebu niambie ukweli. Mara ya mwisho wewe kuingia Ngome Kongwe ilikuwa lini? Usinitajie usiku wa tamasha la Busara, ule ni muziki, hauhesabiki. Nasema kuingia kama wanavyoingia wageni, ukatazama kuta, ukauliza nani kajenga na kwa nini. Mimi nilikuwa sijawahi. Nimezaliwa Kikwajuni, nimekulia Kikwajuni, kutoka kwetu mpaka Forodhani ni mwendo wa kumaliza pakiti moja ya njugu, na wallahi nilikuwa sijawahi. Sisi wenyeji Forodhani tunakwenda usiku kula. Mchana tunawaachia watalii.

Aibu hiyo ilinishika mwezi uliopita, aliposhuka mgeni wetu kutoka Maskati.

Ni msichana wa miaka 23, mjukuu wa mdogo wake bibi yangu. Bibi na babu yake ni ndugu wa tumbo moja. Babu huyo aliondoka Unguja mwaka 1964 akiwa kijana wa miaka 19 na hajarudi hata kuzika. Sisi vijana tumejuana kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, lile ambalo watu wazima wanatumiana dua za Ijumaa na picha za maua. Siku moja akaandika: "Nakuja." Basi akaja.

Nilidhani nitakuwa mkalimani wake. Thubutu! Binti anazungumza Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu, kile cha bibi kabisa, kama mtu aliyekifunga kwenye kasha mwaka 1964 akakifungua uwanja wa ndege. Mimi nikimwambia "poa", yeye ananijibu "alhamdulillahi, sijui nyie". Mdogo wangu wa darasa la sita akawa anatutazama kwa zamu, anacheka.

Kwenye simu yake alikuwa na orodha aliyosomewa na babu yake. Vitu vinne tu. Spitali ya Karimjee. Skuli ya King George. Raha Leo. Nyumba ya Michenzani.

Nikamwambia, dada yangu, Raha Leo naijua, Michenzani naijua, hivyo viwili vya kwanza havipo. Akasema, "Babu anasema vipo."

Bibi akatoa amri tusiondoke wawili, watu wasije wakaanza kuhesabu mahari, tumchukue na mdogo wangu. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Tukashuka kwa miguu.

Hatukufika mbali. Pale Mnazi Mmoja mgeni alisimama mbele ya hospitali, akakuza picha kwenye simu, akatazama jengo, akatazama picha. "Si hii?" Kumbe ndiyo. Ilijengwa miaka ya 1950 kwa fedha za akina Karimjee, ikaitwa kwa jina lao. Yakaja Mapinduzi, ikapewa jina la V. I. Lenin. Baadaye Lenin naye akaondoka, ikabaki Mnazi Mmoja. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini bibi kila siku anasema baba yangu kazaliwa "kwa Lenin". Miaka yote nilidhani Lenin ni daktari.

Tukaendelea mpaka Forodhani. Papasi mmoja, kumwona mgeni na baibui lake la Maskati, akamrukia kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza, kisha kwa Kitaliano. Mgeni akamwacha amalize, akamjibu: "Kaka, mimi nakwenda kwa bibi yangu Kikwajuni." Jamaa akaomba radhi na akatupa maelezo ya bure mpaka mlango wa Ngome. Mapapasi wana roho nzuri, ukiwakuta biashara haijachanganya.

Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, juu ya mahali Wareno walipokuwa na kanisa lao. Baadaye ikawa jela. Lakini kilichoniacha kinywa wazi ni treni. Ndiyo, treni! Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwapo reli kutoka pale Ngomeni mpaka Bububu, iliyojengwa na Wamarekani. Mdogo wangu alikataa kata kata. Akasema kama ingekuwapo, mwalimu wake angesema.

Jirani ya Ngome ni Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash. Siku ya tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo na mnara wake wa saa viliporomoka na watu wawili wakafariki dunia. Hatukuingia, tulisimama nje. Mgeni akapiga picha moja tu, kisha akasema picha hiyo hatamtumia babu. Amesikia habari, lakini hajaona, na bora asione.

Mbele ya majumba hayo kuna kisa ambacho natamani mwalimu wangu wa historia angekisimulia kwa lugha ya mpira, pengine ningefaulu. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki. Khalid bin Barghash akaingia Kasri na kujitangaza, Waingereza wakakataa, wao walikuwa na mtu wao. Wakampa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili manowari zikaanza kupiga. Mechi yote haikuzidi dakika 45, kipindi cha kwanza tu, hata mapumziko hawakwenda. Upande wa Kasri watu wapatao 500 waliuawa na kujeruhiwa. Upande wa pili aliumia baharia mmoja. Wanaitaja kuwa ndiyo vita fupi kuliko zote duniani, na mtalii akisikia hucheka. Mgeni wangu hakucheka. Aliuliza hao 500 walizikwa wapi. Hakuna hata papasi aliyekuwa na jibu.

Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi wa Wajerumani, wakampeleka Dar es Salaam, Waingereza wakamkamata huko mwaka 1916 wakati wa vita, wakampeleka uhamishoni, na mwisho wake ulikuwa Mombasa mwaka 1927. Huyo ni mtoto wa sultani! Na shangazi yake Salme aliondoka hapa mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani, akaandika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1886. Unaona basi, mji huu watu kuutoka usiku hawakuanza mwaka 1964.

Mkunazini tulikaa kidogo tu, lakini palituchukua sauti. Pale ndipo lilipokuwa soko la watumwa mpaka Barghash, kwa shinikizo la Waingereza, alipotia saini kulifunga Juni 1873. Wamisheni wakajenga kanisa juu yake, Askofu Steere akisimamia, na wanasema altare iko pale uliposimama mti wa kuchapia watu. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu watano wamefungwa mnyororo shingoni. Mdogo wangu alitaka kuteremka awaguse. Mgeni alimshika mkono. Tulisimama pale watu watatu wa ukoo mmoja, na ukoo wetu una damu ya aliyeuza na damu ya aliyeuzwa. Nyumbani hatulisemi hilo, lakini nani asiyejua? Vioo tunavyo.

Hapo watalii wanageuka. Ziara yao inaishia Darajani, wanarudi hotelini. Zamani pale palikuwa na mkono wa bahari na daraja, mpaka ulipojazwa. Upande huu Mji Mkongwe, ule wa pili Ng'ambo, yaani sisi. Kwetu hakuna tiketi wala kibao cha maelezo, mapapasi hawavuki. Na mambo yaliyougeuza mji huu yametokea upande wetu!

Kisiwandui ni karibu tu. Pale palikuwa makao makuu ya chama cha ASP, na pale ndipo Mzee Abeid Amani Karume alipouawa kwa risasi jioni ya tarehe 7 Aprili 1972. Kaburi lake lipo hapo hapo. Mimi nimepita nje ya ukuta ule mara ngapi nikienda kununua viatu vya mtumba! Tukasoma fatiha barabarani, wote watatu, tukaendelea.

Tulipofika Michenzani jua lilikuwa la utosi. Tukakaa chini ya kivuli, karibu na mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi, tukanunua maji ya miwa. Pande zote yamelala yale majumba marefu aliyoyaanzisha Mzee Karume kwa msaada wa Wajerumani Mashariki, kila moja kiasi cha mita 300. Mdogo wangu akaanza kutoa somo lake. Uchaguzi wa Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31, serikali wakaunda ZNP na ZPPP. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, Sultani akabaki juu. Baada ya siku 33, alfajiri ya Jumapili tarehe 12 Januari 1964, wanamapinduzi wakavamia Ziwani wakachukua silaha za polisi. "Tukakombolewa," akamaliza, kama alivyofundishwa.

Mgeni akamwambia taratibu: "Kwetu siku hiyo babu hali chakula mpaka jioni."

Kimya kikaingia. Nilitaka kusema neno, maana mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye mwandishi. Sikuwa nalo. Alichosema mdogo wangu ni kweli, hesabu ile ya viti iliwachoma watu, na kabla ya hapo kuna mengi yaliyowachoma, Mkunazini tumetoka sasa hivi. Na la mgeni nalo ni kweli. Siku zile waliuawa watu wengi, wengi wao Waarabu, na hesabu yao inabishaniwa mpaka leo. Hata kabla ya hapo, zama za siasa, watu walishaanza kutozikana. Fujo za uchaguzi wa Juni 1961 peke yake ziliua watu 68. Ndugu mmoja Hizbu, mwingine Afro, mlango mmoja.

Ndipo akatuambia kwa nini Michenzani imo kwenye orodha. Bibi yangu alipoolewa, nyumba yao ilikuwa hapo, ya udongo na makuti, kabla mtaa haujavunjwa kupisha majumba haya. Mume wake, babu yangu mimi, alikuwa ASP. Mdogo wake alikuwa Hizbu. Usiku wa Jumatatu, siku ya pili ya Mapinduzi, yule kijana alikuja kwa dada yake kutafuta pa kujificha. Akagonga mara tatu. Kimya. Akaita jina la dada yake. Kimya. Akaondoka.

"Babu anasema alijua wamo ndani," mgeni akasema. "Miezi miwili baadaye akapanda meli. Dubai, halafu Oman, alipoingia Qaboos mwaka 1970 na kuwaita watu warudi. Anataka tu niione ile nyumba."

Mpenzi msomaji, miguu iliniisha nguvu. Bibi yangu? Huyu huyu anayelisha paka wa mtaa mzima? Nyumbani kwetu hadithi ni fupi: mdogo wangu alikwenda Arabuni, hakuniaga. Basi. Sikuwahi kusikia habari ya mlango.

Nyumba yenyewe tutaionea wapi? Tulizunguka tukaulizia, wazee wawili wakabishana kama mtaa ule ulikuwa upande wa msikiti au upande wa sokoni, wakaanza kuulizana nani mkubwa kwa nani, tukawaacha. Mgeni akapiga picha ya uwanja mtupu, nguo zimeanikwa, watoto wanacheza mpira.

Raha Leo tulipita. Jengo lile walijenga Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili, na redio ilikuwa hapo. Ndiyo maana wanamapinduzi walipakimbilia, na ndipo John Okello, yule Mganda aliyejiita Fildi Masho, alipokuwa akitoa amri zake zilizowatetemesha watu ndani ya nyumba. Sultani Jamshid alikwishapanda boti. Alikaa Uingereza miongo kwa miongo, akaruhusiwa kwenda kuishi Oman mwaka 2020, akafariki huko Desemba 2024. Mgeni anasema siku ya habari hiyo babu yake alizima televisheni, akasema, "Sasa nimebaki mimi."

Ikabaki skuli ya King George. Nikamwomba anionyeshe picha. Vijana kwenye mstari, mashati meupe, kaptura. Babu yake wa tatu kutoka kushoto. Nikaitazama sana ile picha, si wale vijana, ukuta nyuma yao. Nikaruka! Ile ni Lumumba! Skuli ya King George wa Sita ndiyo Lumumba, ilibadilishwa jina baada ya Mapinduzi. Mimi nimesoma pale. Nimemaliza kidato cha nne pale, matokeo tuyaache.

Tukapanda daladala mpaka huko. Mlinzi akaturuhusu dakika kumi. Nikamsimamisha mgeni mahali aliposimama babu yake, nikampiga picha, kisha yeye akanipiga mimi. Babu Hizbu na mjukuu wa Afro, tumekalia madawati yale yale, tumechungulia dirisha lile lile kuona kama saa ya kutoka imefika. Picha hiyo aliituma Maskati papo hapo. Jibu likaja kwa sauti, la mzee, anacheka na kukohoa: "Ule mwembe upo?" Mwembe sikuwahi kuuona.

Kikwajuni tuliingia alasiri, tumechoka, mdogo wangu viatu mkononi. Sisi tunakaa Wajerumani, yale majumba ya miaka ya 1960, jirani na uwanja wa Mao Tse-Tung. Nchi iliyotujengea haipo tena, imefutika mwaka 1990, nyumba ipo na bomba linavuja pale pale. Bibi alikuwa rohoni mwake safi, katandika mkeka, chai ya tangawizi na mkate wa ufuta. Akauliza mmeona nini. Mimi nikaanza habari za treni ya Bububu, akasema treni hiyo hata yeye kaisikia tu.

Mdogo wangu hakusubiri. "Bibi, kwa nini hukumfungulia babu wa Maskati mlango?"

Nilitamani ardhi inimeze. Mgeni akainamia kikombe chake.

Bibi akauliza, "Mlango gani?"

Ikabidi mgeni aseme. Akasema yote, Michenzani, usiku wa Jumatatu, kugonga mara tatu, kuita jina. Bibi alisikiliza bila kupepesa. Kisha akavua miwani.

"Sikuwapo," akasema. "Jumapili ile ile mchana babu yenu alinitoa Michenzani na mtoto mgongoni. Aliniambia, mke wangu, watu leo hawaulizi, wanatazama, na wewe sura yako ni ya ndugu yako. Akanileta hapa hapa Kikwajuni kwa mavyaa wangu, akanifungia chumba cha uani. Siku kumi na moja sikuona jua. Nyumba ya Michenzani ilikuwa tupu, mwanangu. Kagonga nyumba tupu."

Akanyamaza kidogo. "Na mimi nikangoja aje kuniaga. Nikasema huyu kanikasirikia kwa sababu ya mume wangu."

Kutoka Michenzani mpaka Kikwajuni, sisi tumetembea juzi kwa hesabu. Dakika kumi na mbili, na mdogo wangu akisimama kununua pipi.

Mgeni alikwishatoa simu, vidole vinamtetemeka, anatafuta namba ya babu yake. Bibi akauweka mkono wake juu ya simu.

"Si kwa simu," akasema. "Maneno ya namna hii hayasemwi kwenye kundi la maua."

Basi chai ikanywewa. Magharibi ikaingia, watu wakaswali, wakala, wakazungumza mambo mengine, bei ya mchele na harusi ya jirani. Usiku nilipokuwa nafunga madirisha bibi aliniita chumbani kwake. Alikuwa amekaa kitandani na kitambulisho chake mkononi, anakigeuza. Akataka kujua pasi ya kusafiria siku hizi inachukua siku ngapi.